Pumzi ya Buki

Nilipomfahamu Saidati alikuwa tayari mama mtu mzima, macho yamechoka kutunga uzi kwenye sindano. Hata hivyo kisa cha sungura wake alikuwa bado anakisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kukivunja. Kilitokea katikati ya miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako, na yeye alikuwa fundi wa kushona pale Mbugangari, Gisenyi, nchini Rwanda. Cherehani yake aliiweka barazani, mahali ambapo kila anayeshuka sokoni lazima amsalimie.

Mumewe, Dauda, aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, akipandisha chumvi na mabati mpaka Mudende na kushuka na viazi. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Hawakuwa na watoto. Miaka michache kabla ya haya, Saidati alipata mimba, ikafika mwisho wake, uchungu ukamshika na mtoto asitoke. Akapelekwa hospitali. Huko walimfunika pua kwa kitambaa chenye dawa, akalala. Alipoamka tumbo lilikuwa limeshonwa, mtoto hayupo, na mtawa aliyekaa kando ya kitanda akamweleza taratibu, kwa Kinyarwanda, kwamba hatazaa tena. Wakarudi nyumbani, yeye na Dauda, na jambo lile hawakulizungumza. Ndugu za Dauda walimshauri aoe mwanamke mwingine. Hakuoa. Saidati hakumuuliza kwa nini.

Sungura alikuja ndani ya mfuko wa koti la Dauda. Mtu mmoja wa Mudende alimpa kwa shukrani, kwa kuwa lori lilimteremshia mama yake mgonjwa mpaka mjini. Alikuwa mdogo wa kuenea kiganjani, rangi ya asali, sikio moja limesimama na jingine limelala. Dauda alikusudia wamnenepeshe wamle. Saidati akamwita Buki, maana ubuki kwa Kinyarwanda ni asali, akamtandikia vitambaa ndani ya sanduku la mbao chini ya meza ya kukatia nguo. Mnyama ukishampa jina, habari ya sufuria inakuwa ngumu.

Kwa miezi mingi walikaa vizuri. Buki alijinyoosha karibu na mguu wake wakati akikanyaga cherehani, na mtikisiko ule ulimlaza. Wateja walizoea kumruka. Kisha akakomaa, na utulivu ukaisha. Alianza kuzunguka miguu ya watu akinguruma, sauti ambayo Saidati hakujua kama sungura anayo. Aliuma. Alikojolea kila kitu kilichoning'inia, kwa nguvu, akiruka huku anarusha mkojo kama mtu anayemwaga maji ya ndoo. Siku moja aliirushia kanzu nyeupe ya mwalimu wa madrasa, iliyokuwa tayari kwa ajili ya Idi. Doa la manjano halikutoka kwa sabuni wala kwa limau. Saidati akashona kanzu nyingine kuanzia mwanzo.

"Mi nilisema mapema," Dauda akasema, akiishika ile kanzu kwa vidole viwili. "Hii kitu ni nyama. Hata dini haikatazi."

"Basi utapika we mwenyewe, na utakula we mwenyewe."

Dauda akacheka. "Bon. Basi umupeleke Mudende. Kule ng'ombe dume akileta fujo, Straton anamufunga uzazi, kesho yake amekuwa mupole kama bibi arusi."

Alisema kwa mzaha, akatoka kwenda kuangalia tairi zake. Saidati alibaki na kanzu mapajani, akiwaza. Jioni alipomletea mumewe chakula akamwambia, "Kesho ukipanda Mudende, mi naenda na we."

Straton Mbonigaba alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Walimkuta zizini, viatu vya mpira vimejaa tope, akipaka dawa kidonda cha ndama. Alipoambiwa habari alicheka mpaka akaegemea mti wa boma. Kisha akamtazama Saidati usoni, akaacha kucheka.

"Mama, ng'ombe mi namubana na koleo tu, hata damu haitoki. Sungura ni kazi ya kisu, na dawa ya usingizi. Ile ni ya Daktari mwenyewe."

"Na Daktari atakubali?"

"Nitamuuliza. Kwao Ulaya mama yake anafuga sungura, anapenda kuhadithia. Lakini sikia muzuri, Mama. Sungura moyo wake ni mudogo sana. Iko ile inalala na haiamuki."

Saidati alirudi Mbugangari miguu juu ya gunia la viazi. Habari, kama kawaida ya mtaa ule, zilifika kabla yake. Siku ya pili Nyirahabimana, muuza samaki kutoka kando ya ziwa, alitua kapu lake barazani. Alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, mwanamke wa kanisani, mwenye mdomo usiojua kuzunguka jambo.

"Muke wa Dauda, kweli unaenda kumukata ile sungura?"

"Kweli."

"We? We mwenyewe, na vile ulifanyiwa?"

Saidati alikata uzi kwa meno, akainamia nguo. Nyirahabimana akaona amepita mpaka. Akajitwisha kapu lake, akaenda.

Siku ile cherehani haikulia. Saidati alikaa na mguu juu ya kikanyagio bila kukikanyaga. Alijiuliza kama ana haki ya kumwondolea kiumbe kitu ambacho yeye mwenyewe aliondolewa bila kuulizwa. Karibu afute safari. Lakini kila alipochungulia chini ya meza alimwona Buki akitafuna ubao wa sanduku, pua imechubuka kwa kujipigiza, manyoya ya ubavuni ameyang'oa mwenyewe. Mnyama yule hakuwa na raha. Alikuwa kama mtu anayesukumwa na mkono asiouona, mchana kutwa, bila kupumzika. "Nilimwonea huruma," aliniambia, "na huruma ndiyo iliyokata shauri, si ile kanzu."

Daktari alikubali. Alishuka Gisenyi siku ya kuchanja mbwa, na kazi ile ya mbwa ilipokwisha, Straton akamwita Saidati kwenye kibanda cha mifugo, chini karibu na ziwa. Dauda aliwapeleka kwa lori. Walipofika, mtu yule mkubwa hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili akasema atangojea hapo hapo, injini ina kasoro anayotaka kuisikiliza. Injini ilikuwa imezimwa.

Ndani palikuwa na meza ya saruji, beseni la maji yaliyochemshwa, na harufu. Saidati aliposikia harufu ile alisimama mlangoni. Aliijua. Ilikuwa harufu ya kitambaa kile cha hospitali.

Daktari, Mbelgiji mrefu mwenye mikono myembamba, alisema kitu kwa Kifaransa. Straton akatafsiri: mnyama akishikwa na mtu asiyemjua anaweza kufa kwa hofu tu kabla ya kisu kumgusa, kwa hiyo bora mwenyewe amshike mpaka alale. Saidati akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama alivyoelekezwa. Akasema bismillahi. Akamlaza Buki juu ya kitambaa cheupe, mkono mmoja kifuani na mwingine mgongoni.

Straton akasogeza kikombe cha bati chenye pamba karibu na pua. Buki alijirusha mara moja, kwa nguvu ambayo Saidati hakuwahi kuisikia mwilini mwake. Chini ya vidole vyake moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani inapokanyagwa kumaliza pindo refu, hapana nafasi kati ya pigo na pigo, ni mvumo mmoja tu. Kisha ule mvumo ukaanza kupungua. Sikio lililosimama likalala polepole, likafanana na mwenzake. Macho hayakufumba. Yalibaki wazi, yakimtazama, halafu yakawa hayamtazami tena, bila kusogea hata kidogo. Saidati alikuwa anaangalia ndani yake wakati ule ule, na hakuona mahali Buki alipopitia kutoka.

"Subhanallah," akasema. "Amekwenda wapi?"

"Iko hapa," Straton akajibu. "Angalia ubavu wake."

Ubavu ulipanda. Ukashuka. Ukapanda tena. Straton hakuangalia kisu, hakumwangalia Daktari, hakuangalia mlango. Alikodoa macho kwenye ubavu ule tu. Ulipopanda kwa uvivu alikiondoa kikombe, upepo upite. Ulipoharakisha alikisogeza. Daktari alikata mahali padogo, akafanya kazi yake kwa utulivu, hakuna haraka wala maneno, na damu iliyotoka ilikuwa kidogo kuliko ya kidole kilichochomwa na sindano. Saidati aliambiwa anaweza kutoka. Hakutoka.

Alikuwa anatazama ule ubavu na mtu anayeulinda. Na ghafla, aliniambia, ni kama ukuta uliondolewa, akajiona mwenyewe amelala juu ya meza ile nyingine, miaka ile. Siku zote alikuwa akiamini kwamba saa zile hakuwepo popote. Kwamba alitupwa gizani peke yake, watu wakachukua walichochukua, wakamrudisha. Hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu kando ya kichwa chake.

"Muganga," akanong'ona, "na mutu pia banamulinda hivi?"

Straton alikuwa ameanzia kazi hospitalini kabla ya kuhamia kwa wanyama. Hakuinua macho.

"Ndiyo, Mama. Iko mutu moja, kazi yake ni pumuzi tu. Wengine banakata, yeye iko na pumuzi. Akitoka yeye, kazi yote inasimama."

Machozi yakamtoka Saidati, yakadondoka juu ya manyoya ya asali, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa safi kwa ajili ya kazi, hakuyafuta. Daktari akashona. Uzi wenyewe, Straton akamweleza, ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Mwili utauyeyusha, hakuna wa kuja kuufumua. Fundi wa kushona alisikia hilo akarudia kuuliza, akidhani hakusikia vizuri.

Kikombe kikaondolewa. Wakangoja. Ubavu ulipanda na kushuka, na kwa muda hapakuwa na kitu kingine. Halafu pua ikatikisika. Ilikuwa mtikisiko mdogo, kama maji yanapoguswa na unyasi, na nyuma yake sungura mzima akarudi: masharubu, mdomo, sikio moja likijaribu kusimama na kuanguka. Saidati alisema kwamba katika maisha yake aliona watoto wakizaliwa, na alikuwepo watu wakikata roho, lakini kurudi hakuwahi kukuona. Hakujua kama kunaonekana.

Straton alimpa maagizo huku akiosha vyombo. Amweke juu ya vitambaa safi, si majani wala vumbi. Amtie joto. Ampe chakula mara tu akiamka kabisa, kwa maana sungura si kama mbwa, tumbo lake likisimama ndiyo kifo chake. Aangalie kidonda asubuhi na jioni. "Na choo, Mama. Ukiona choo, umushukuru Mungu. Usipoona, utafute mi popote niko."

Nje, Dauda aliona kapu la sungura na uso wa mkewe, akashuka. "Iko hai?"

"Iko hai."

Akaendesha lori mpaka Mbugangari taratibu hivi kwamba wapanda baiskeli waliwapita.

Nyumbani Saidati alipasha moto mawe meusi ya volkano juu ya makaa, yale mepesi yenye matundu ambayo yamejaa kila ua pale Gisenyi, akayafunga kwa matambara, akayapanga kando ya Buki. Sungura alikaa amejikunja, mgongo umeinuka, macho yamefumba nusu. Akamletea majani ya viazi vitamu. Akamletea mchunga aliouchuma mwenyewe kando ya mfereji, jani ambalo zamani alikuwa akilinyang'anya mkononi. Akamletea karoti za Mudende, amezikwangua laini. Buki aligeuza uso. Usiku ukapita, asubuhi ikaja, na vitambaa vilikuwa safi kama alivyovitandika. Hakuna choo. Kutoka mdomoni mwake ilisikika sauti ndogo ya meno yakisagana, na Saidati hakuhitaji kuambiwa kwamba ni maumivu.

Siku ile Dauda hakwenda kazini. Alimwambia tajiri wake kwamba lori ni gonjwa. Alikaa kwenye kigoda kando ya sanduku, magoti yamefika kifuani, akimtazama mnyama aliyetaka kumla. Kisha akasema, bila kumgeukia mkewe:

"Siku ile yako, mi nilikaa inje hivi. Kwenye jiwe. Hakuna mutu aliniambia kitu. Niliona banapita na beseni. Nikahesabu kama umekufa."

Saidati aliacha kukwangua karoti.

"Kisha mutawa akatoka," Dauda akaendelea. "Akasema: bibi yako anapumua. Ni hivyo tu alisema. Mi nikamuambia Mungu, basi, inatosha. Sitaomba ingine."

Hivyo ndivyo Saidati alivyojua kwa nini hakuoa. Alisogea akakaa sakafuni karibu na kigoda, akamwambia alichokiona kibandani: yule mtu wa pumzi, macho yake yasiyoondoka. Akamwambia kwamba hata yeye alikuwa na mtu kama huyo, na miaka yote hiyo hakujua. Dauda alisikiliza, akipangusa uso kwa kiganja. Wakakaa hivyo, wawili, wakiangalia ubavu mdogo ukipanda na kushuka, wala hakuna aliyeona ajabu kwamba wamengoja miaka yote kuyasema haya mbele ya sungura.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Nyirahabimana, bila kapu. Mkononi alishika mwanzi mwembamba, ule wa kunywea pombe ya mtama, mpya, umeoshwa.

"Nimesikia haikule," akasema, macho chini. "Mutoto wangu wa tatu alikuwa hivi, hana nguvu ya kunyonya. Tulimunyweshea na hii." Kisha akaongeza, "Ile siku nilisema vibaya, dada."

"Ingia," Saidati akamwambia. "Baridi inaingia."

Wakatwanga majani ya mchunga na karoti, wakachuja kwa kitambaa cha shela, wakapata maji ya kijani. Nyirahabimana akachovya mwanzi, akaziba juu kwa kidole gumba, akamwonyesha Saidati: ncha iingie pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kidole kiachie kidogo tu, asije akapaliwa. Tone la kwanza lilitoka likachafua kidevu. La pili vilevile. La tatu, koo likasogea. Wanawake wale walitazamana. Dauda, aliyekuwa amekatazwa kupumua kwa kelele, alishika mdomo wake kwa mkono.

Waliendelea hivyo, tone kwa tone, wakipumzika na kuanza tena, Saidati akimsugua tumbo kwa vidole viwili kama anavyosugua mkunjo wa hariri. Mchana ukaisha. Jua lilipokuwa linaondoka barazani, Dauda, ambaye zamu ile ilikuwa yake, alipiga ukelele uliowashtua kuku wa majirani.

"Saidati! Imetoa! Njoo uone, imetoa!"

Juu ya kitambaa cheupe palikuwa na vitu vyeusi vya mviringo, vidogo, kama mbegu za papai. Mtaa ulikusanyika. Mwanamke mmoja aliuliza kama kuna maiti. Walipoonyeshwa kilichopo, walianza kucheka, kisha kwa sababu nisiyoweza kuieleza kicheko kikafa, wote wakainama kutazama. Maana Buki alikuwa amenyoosha shingo, amelishika jani la mchunga kwa meno, na lilikuwa linaingia mdomoni polepole, likifupika, kikonyo, ubavu, ncha. Watu wazima walisimama pale wakimwangalia sungura akila. "Alhamdulillahi," Dauda akasema. Nyirahabimana akafanya ishara ya msalaba.

Nguvu ziliporudi, tabu ikawa nyingine. Buki aligundua kidonda, akaanza kukilamba, na asubuhi moja Saidati akaona ukingo mmoja wa mshono umekuwa mwekundu. Akakisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kama Straton alivyosema, lakini alijua hawezi kumlinda kila dakika. Akaitazama cherehani. Akalichukua shati la zamani la Dauda, la pamba laini, akapima kwa jicho, akakata, akashona vazi: matundu manne ya miguu, vifungo mgongoni, tumbo lote limefunikwa, nyuma pamebaki wazi kwa haja zake. Hakuwahi kushona kitu kidogo hivyo. Alikuwa na nguo moja tu nyingine ya kiasi kile ndani ya kasha, na hiyo hakuwahi kuimaliza. Alimvika Buki, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho.

Mbugangari ilicheka wiki nzima. Wasafiri wa Goma waliitwa waje wamwone sungura aliyevaa shati. Buki mwenyewe siku ya kwanza alikaa amekasirika, amewapa wote mgongo. Baadaye akalizoea, akajinyoosha barazani na vifungo vyake kama karani aliyemaliza kazi. Saidati alikuwa na mawili, akifua moja na kumvika jingine, na kila asubuhi na jioni alinawa mikono, akamgeuza, akatazama.

Na kutazama kule kulimbadilisha. Alikuwa ameshona tangu usichana wake. Alijua kwamba kitambaa kikipasuka, uzi ndio unaoshika, na siku uzi ukioza, pengo linarudi pale pale, hata baada ya miaka kumi. Sasa aliona kitu kingine. Kila siku uzi ulikuwa unapungua, na kila siku nyama ilikuwa imesogeleana zaidi. Ule uzi haukushika chochote. Ulikuwa unasubiri tu, umezishikilia pande mbili kwa heshima mpaka zikutane zenyewe, kisha ukajiondokea. Nani aliyezifundisha njia? Alimwita Dauda aone. Alimwita Nyirahabimana. Akamwonyesha mwalimu wa madrasa, ambaye alikuwa amesamehe habari ya kanzu, naye akasoma aya taratibu, akafuta miwani.

Straton alipopita kutoka kutibu ng'ombe Kanzenze alimgeuza Buki, akatafuta mshono, akaukosa. Manyoya mafupi yalikuwa yanaota mahali palipokuwa na kisu. Alilishika lile vazi la shati, akalikunja, akalikunjua. "Mama, mi nitamupelekea Daktari moja, aone," akasema. Saidati akampa. Straton akamwonya asimweke na jike kwanza, mpaka mwezi mmoja upite na zaidi, maana mbegu za zamani zinachelewa kuisha. Saidati akamuuliza kama mnyama anajua alichopoteza.

Straton alifikiri. "Sijui, Mama. Mi najua tu iko hai."

Ngurumo ziliisha. Meza na nguo zikawa salama. Buki alirudi kulala karibu na kikanyagio, na wateja wakarudi kumruka. Lakini siku ambayo Saidati aliikumbuka kuliko zote ni asubuhi aliyomvua vazi kwa mara ya mwisho, akambeba mpaka uani na kumweka chini. Umande ulikuwa haujakauka. Dauda alikuwa anawasha lori nje ya uzio, Nyirahabimana anapita na kapu la samaki wabichi.

Buki alikaa. Alinusa jiwe. Alinusa majani. Kisha, bila kitu chochote kumfukuza, aliruka. Haikuwa kuruka kwa kwenda mahali, ilikuwa kama mtoto anapocheza kwenye mvua. Alijirusha juu wima, akajipinda hewani, kichwa kikienda kulia na miguu kushoto, akatua, akarudia. Tangu aje katika mfuko wa koti hakuwahi kufanya hivyo. Akakimbia mpaka ukuta wa mawe, akageuka, akaruka tena, juu zaidi, matone ya umande yakimrukia tumboni.

Nyirahabimana alishusha kapu. Dauda akaja mpaka mlango wa uzio, injini ikiendelea kunguruma nyuma yake, akasimama.

"Inafanya nini?" akauliza.

"Sijui," Saidati akasema. "Angalia tu."